Kupunguza mafuta na moshi katika msongamano wa mjini: mwongozo kwa madereva na wenye magari wa Kisumu na Nakuru

Matatu ya viti 14 iliyojaa abiria ina uzito wa karibu tani 3. Kuitoa iliposimama hadi ifike kilomita 50 kwa saa kunakula, kwa injini ya dizeli, mililita 27 hivi, yaani karibu vijiko viwili vya chakula. Sekunde chache baadaye tuktuk inakata mbele, dereva anakanyaga breki, na vile vijiko viwili vinaishia kuwa joto kwenye pedi za breki. Fanya hivyo mara 40 kwa siku na lita nzima imekwenda, pamoja na karibu kilo 3 za hewa ya kaboni, kwa maana kila lita ya dizeli inayoungua hutoa kilo 2.7 za CO2. Lita ya petroli hutoa kilo 2.3.

Hesabu hiyo ndiyo iliyo nyuma ya vifaa vyote vinavyouzwa siku hizi kwa jina la kubana mafuta: kisomaji kinachochomekwa kwenye kompyuta ya gari, taa ya kijani ya Eco kwenye dashibodi, mfumo wa kuzima injini gari linaposimama, kifuatiliaji cha setilaiti chenye alama za dereva. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachofanya kazi bila mguu wa dereva, isipokuwa ule wa kuzima injini. Vinamwonyesha tu anachomwaga. Na mifumo ya kisasa zaidi, ile inayomshauri dereva aende kwa kasi gani ili aikute taa ikiwa ya kijani, ilibuniwa kwa miji yenye taa kila makutano. Huku kwetu makutano mengi ni mizunguko au mkono wa askari wa trafiki, na mkono wa askari hautabiriki kwa programu. Faida yetu iko kwenye matuta, steji na mizunguko.

Tarajia kupunguza asilimia 5 hadi 10 ukifuata hatua hizi vizuri. Anayekuahidi 30 kwa kidude cha kuchomeka kwenye soketi ya kuwashia sigara anakuuzia taa ya LED ndani ya plastiki.

Hatua ya 1: Pima kabla ya kununua chochote

Jaza tangi mpaka pampu ijikate yenyewe mara ya kwanza, usiongeze hata tone. Andika kilomita zilizo kwenye mita. Endesha kama kawaida mpaka uchome angalau lita 25, rudi kwenye pampu ileile, gari likisimama upande uleule (sakafu ya kituo ikiinama kidogo tu, tangi hujaa tofauti), ujaze tena mpaka ijikate. Ukitembea kilomita 240 na tangi likachukua lita 27.6, gari lako linakula lita 11.5 kwa kilomita 100, au linakupa kilomita 8.7 kwa lita.

Kwa nini lita 25? Kosa la nusu lita katika kujaza ni jambo la kawaida. Kwenye lita 10, nusu lita ni asilimia 5, yaani faida yote unayoitafuta imepotelea kwenye shingo ya tangi. Mtindo wa "weka ya elfu moja" asubuhi na "weka ya mia tano" mchana unaua kipimo kabisa. Kama hauepukiki, tunza risiti zote, anza na tangi lililojaa na umalize na tangi lililojaa, halafu jumlisha.

Rudia kwa matangi manne. Kwenye daftari andika pia njia, mvua, nani alikuwa akiendesha (wewe au skwodi, yaani dereva wa kukushikia zamu), na siku za soko. Jumapili ya soko la Kibuye, Kisumu, si sawa na Jumanne ya Kibuye, na tangi moja likiangukia kwenye msongamano wa soko litakudanganya. Kama gari limevalishwa matairi makubwa kuliko ya kiwandani, mita inahesabu pungufu: linganisha kilomita 10 za mita na kilomita 10 za ramani ya simu, urekebishe.

Hatua ya 2: Tengeneza gari kwanza

Dereva mpole kwenye gari bovu bado anachoma. Kagua haya kabla ya kumlaumu yeyote.

Themostati. Hii ni vali inayozuia maji ya kupoza injini mpaka injini ipate joto, na kuing'oa ni kosa la kawaida katika gereji za ukanda wa ziwa. Gari likichemka kwenye joto la Kisumu, fundi anang'oa themostati, gari linaacha kuchemka, wote wanafurahi. Lakini sasa injini haipati joto lake. Kompyuta inaona maji yako chini ya nyuzi 75, inadhani injini ndiyo kwanza imewashwa asubuhi, inaendelea kuongeza petroli. Unalipa kila kilomita. Kwenye kisomaji, joto la maji gari likiwa limetembea dakika 15 linapaswa kuwa kati ya nyuzi 80 na 95. Likicheza kwenye 65, rudisha themostati, halafu utafute sababu halisi ya kuchemka: rejeta iliyoziba, feni au kifuniko cha rejeta.

Kataliti. Ni kifaa cha kwenye bomba la moshi kinachopunguza sumu. Ikiwa imeng'olewa ikauzwa, mafuta yanayoliwa hayatabadilika sana, lakini moshi wa sumu utaongezeka mara nyingi: kaboni monoksidi, oksidi za nitrojeni na mvuke wa petroli ambayo haijaungua. Hapa ndipo watu wengi wanapochanganya mambo mawili. Kupunguza mafuta kunapunguza CO2 moja kwa moja, lita kwa lita. Moshi unaomwingia mama muuza matunda kando ya steji ni hesabu nyingine, na gari linaweza kula mafuta kidogo huku likitoa sumu nyingi.

Pampu ya dizeli ya zamani. Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, Kisumu mita 1,130 hivi, na hewa ya Nakuru ni nyepesi kuliko ya Kisumu kwa asilimia 7 hivi. Pampu isiyo ya kompyuta iliyopangwa Kisumu itatoa dizeli ileile Nakuru bila hewa ya kuichoma, na gari linapanda kutoka Free Area likiacha wingu jeusi. Gari likihamia njia za juu, pampu ipangwe upya huko huko.

Filta ya hewa iliyoziba kwenye dizeli huleta masizi. Kwenye petroli ya kisasa hupunguza nguvu zaidi kuliko kuongeza mafuta, kwa hiyo usiitarajie miujiza. Oili: kama kitabu cha gari kinataka 5W-30, kumimina 20W-50, iliyo nzito zaidi, ni kuifanya injini ikoroge uji. Matairi yapimwe asubuhi yakiwa baridi, kwa kiwango kilichoandikwa kwenye kibandiko cha mlango, si kwa kidole gumba cha kijana wa kujaza upepo. Kila psi moja (kipimo cha upepo) inayopungua kwenye matairi yote hula takriban asilimia 0.2, hivyo upungufu wa psi 10, ambao jicho halioni, ni asilimia 2.

Kipimo cha haraka cha moshi: pitisha karatasi nyeupe ya tishu ndani ya mdomo wa bomba injini ikiwa imezimwa na bomba limepoa. Masizi makavu meusi ni mafuta yanayozidi hewa. Utelezi mweusi ni oili inayoungua.

Hatua ya 3: Chomeka kisomaji, na ujue kinapodanganya

Soketi ya pini 16 iko chini ya usukani, karibu na wenzo wa kufungulia boneti. Kisomaji cha bei nafuu cha bluetooth kinatosha. Washa swichi bila kuwasha injini, unganisha simu (namba ya siri kwa kawaida ni 1234 au 0000), kisha washa injini. Baadhi ya magari ya zamani yaliyotoka soko la Japani yana soketi hiyo lakini hayajibu, kwa sababu yanazungumza lugha ya kiwanda chao. Usilazimishe. Jaribu kwanza kisomaji cha rafiki kabla ya kununua chako.

Weka namba tatu tu kwenye skrini: mizunguko ya injini, joto la maji, na gramu za hewa kwa sekunde. Kwa petroli, gawanya gramu za hewa kwa 14.7 (gramu za hewa zinazochoma gramu moja ya petroli), zidisha kwa 3,600 (sekunde za saa), gawanya kwa 740 (gramu za lita moja ya petroli), upate lita kwa saa. Probox yenye injini ya cc 1,500 imesimama na injini inawaka itaonyesha kama gramu 2.2: hiyo ni lita 0.73 kwa saa. Washa kiyoyozi, namba ikifika 3, ni lita moja kwa saa bila kusogea hata hatua.

Sasa udanganyifu wake. Shuka kutoka mlima wa Riat kuja Mamboleo, Kisumu, ukiwa gia ya tatu, mguu umeachia mafuta. Simu itaendelea kuonyesha kwamba unachoma, kwa kuwa hewa bado inapita. Ukweli ni kwamba nozeli za kupulizia petroli zimefungwa kabisa: injini ya kisasa ikiwa ndani ya gia na juu ya mizunguko 1,500 hivi kwa dakika, ukiachia mafuta kompyuta hukata petroli mpaka sifuri. Programu nyingi hazilijui hilo. Kwa dizeli hesabu ya 14.7 haifanyi kazi hata kidogo, maana dizeli huvuta hewa nyingi kuliko inavyohitaji. Mwenye dizeli ategemee daftari la tangi.

Ukiegesha gari kwa siku kadhaa, chomoa kisomaji. Vile vya bei rahisi hunyonya betri usiku kucha.

Hatua ya 4: Mguu

Usiteremke na fri. Madereva wengi wanaamini kutoa gia mlimani kunabana mafuta, na ndiyo imani iliyozika watu wengi kwenye mteremko wa Salgaa, barabara kuu ya Nakuru kwenda Eldoret. Ukitoa gia, injini inahitaji petroli ili isizime. Ukibaki ndani ya gia, inazungushwa na magurudumu bure. Fri inakula mafuta na inakunyang'anya breki ya injini.

Matuta. Chukua matuta mawili yaliyoachana mita 200. Dereva mmoja anavuka la kwanza kwa kilomita 10 kwa saa, anakimbilia 50, anakanyaga breki. Wa pili anapanda hadi 30 tu na kushikilia hapo. Wa kwanza anafika sekunde 7 mapema. Nishati aliyoitia kwenye gari ili kuongeza kasi ni mara tatu ya mwenzake: mililita 26 dhidi ya 9, kwa matatu ya tani 3. Sekunde 7 kwa mililita 17, tuta baada ya tuta, na pedi za breki juu yake. Kwenye mwendo wa mjini hakuna mahali penye faida nono kuliko hapa, na abiria wa kiti cha nyuma atakushukuru kichwa chake kisipogonga dari.

Kuongeza kasi. Kuna ushauri unaozunguka kwamba ukanyage kana kwamba kuna yai chini ya kiatu. Ni nusu ya ukweli. Injini hufanya kazi vizuri ikibebeshwa mzigo kwenye mizunguko ya chini, kwa hiyo kanyaga nusu, badilisha gia mapema (karibu mizunguko 2,000 kwa dizeli, 2,500 kwa petroli), fika kwenye kasi unayoitaka, kisha ushikilie. Kutoka sifuri hadi 40 kwa sekunde 8 hadi 10 ni sawa. Chini ya sekunde 4 ni fujo. Kwa gia otomatiki, achia mafuta kidogo ukifika 30, nayo itapanda gia. Ila usiiburuze dizeli kwenye gia ya nne kwa kilomita 25 kwa saa: hapo inatoa masizi, na hata mtetemo utakwambia.

Tena kuna jambo ambalo kisomaji chako hakiwezi kukuonyesha. Ukitoka kwenye mzunguko chini ya barabara ya juu ya Kondele polepole mno, ukaacha pengo la mita 30 mbele yako, kisomaji chako kitaonyesha namba nzuri. Nyuma yako magari kumi yamekosa nafasi, yanasubiri zamu nyingine yakiwaka, na bodaboda nne zimejaza pengo lako, kwa hiyo unakanyaga breki hata hivyo. Wewe umebana vijiko viwili, foleni imemwaga kikombe. Kanuni yenye akili: ondoka upesi mpaka 30, kisha tulia. Ulegevu uwe wakati wa kukaribia foleni, si wakati wa kuondoka.

Kukaribia ndiko kuliko na ujuzi. Tazama gari la tatu mbele, si bampa ya aliye mbele yako. Taa zake za breki zikiwaka, achia mafuta mara moja ukiwa ndani ya gia. Mara nyingi foleni itakuwa imeanza kusogea kabla hujafika, na gari linalofika likiwa na kilomita 15 kwa saa halihitaji kuanza kutoka sifuri. Bodaboda ikiingia kwenye pengo lako, achia mafuta sekunde moja, pengo litarudi. Ukijibu kila bodaboda kwa breki kisha kwa mafuta, umepoteza siku.

Hatua ya 5: Steji

Hapa ndipo mafuta yanapomwagwa bila gari kwenda popote. Makanga anaita, gari linasukumwa mbele hatua mbili na kurudi nyuma, dereva anapiga resi ili abiria waamini linaondoka. Chukulia dizeli inakula lita 0.8 kwa saa ikiwaka bure, na gari linasubiri abiria saa 3 kwa siku nzima. Ni lita 2.4 kwa siku, lita 62 kwa mwezi wa siku 26, na kilo 168 za CO2, bila kuhesabu zile resi. Moshi wote huo unatoka sehemu moja, kwenye kimo cha pua ya mtoto anayengoja na mamake.

Kuwasha injini iliyokwisha pata joto hakuli mafuta zaidi ya sekunde kumi hivi za kuwaka bure. Lakini staata na betri ni pesa, kwa hiyo weka kikomo cha dakika moja: ukijua utasimama zaidi ya hapo, zima. Yasiyofaa kuzimwa: gari lenye turbo (feni ya kusukumia hewa ndani ya injini) lililotoka kupanda mlima sasa hivi (lipe dakika moja turbo ipoe), na gari lenye betri inayosuasua. Wala usizime gari likiwa bado linatembea, kwani breki hupoteza msaada wake na usukani unaweza kujifunga.

Wasimamizi wa steji wanaweza kulimaliza hili kwa utaratibu mmoja: gari la kwanza na la pili tu kwenye foleni ndiyo yanayowaka. Mengine yote yazimwe na yasukumwe kwa mikono zamu ikisogea. Yule wa nne hana sababu ya kupiga resi.

Hatua ya 6: Magari yanayojizima yenyewe, na haibridi

Demio, Note, Vitz na mengine ya miaka ya karibuni huzima injini yenyewe ukikanyaga breki. Kwenye foleni ndefu mfumo huu una maana. Shida huja betri ya kwanza inapokufa: mwenye gari ananunua betri ya kawaida kwa kuwa ni nafuu, nayo inakufa baada ya miezi michache, au mfumo unakataa kuzima. Magari haya yanataka betri zake, zenye alama kama M-42, N-55 au Q-85. Ukishindwa na bei yake, bonyeza kitufe cha kulemaza mfumo kila unapowasha gari. Hiyo ni bora kuliko kuua betri ya kawaida.

Kwenye foleni inayotambaa, ya kusimama sekunde tatu na kusogea mita mbili, punguza mguu wa breki ili injini isijizime kila mara. Faida huanza unaposimama kwa muda mrefu.

Haibridi (gari lenye injini ya petroli na mota ya umeme) kama Aqua hukusanya nishati ya breki, kwa hiyo funga breki mapema na kwa wepesi. Ukikanyaga ghafla, pedi ndizo zinazofanya kazi na hakuna kinachorudi kwenye betri. Kila miezi mitatu safisha kichujio cha feni ya betri kubwa, kwenye eneo la kiti cha nyuma. Vumbi likikiziba, betri hupata joto, gari linapunguza msaada wa mota, na petroli inapanda bila taa yoyote kuwaka.

Hatua ya 7: Kifuatiliaji cha sako na mgawanyo wa faida

Kifuatiliaji cha sako (chama cha wenye matatu) kifungwe kwa skrubu kwenye chuma, si kwa gundi kwenye plastiki ya dashibodi. Kikitikisika, kila tuta linasomwa kama breki ya ghafla na dereva mwema anaonekana mhuni. Kwa magari ya abiria, anza na kikomo cha mita 3 kwa sekunde kwa kila sekunde kwa kuongeza kasi na kwa breki. Tazama wiki mbili za mwanzo bila kumwadhibu mtu, uone alama zinatoka kwa dereva au barabarani. Zikijirundika mahali pamoja kwa madereva wote, hapo kuna shimo.

Halafu uliza swali ambalo programu haiulizi: nani analipa mafuta? Dereva anayelipa hesabu ya siku na kujinunulia dizeli atajifunza haraka, lita iliyobaki ni yake. Akilipiwa mafuta na mwenye gari, hana sababu. Gawaneni akiba nusu kwa nusu kila mwisho wa wiki, kwa kuangalia daftari la tangi, si alama za simu. Bila hivyo, mafunzo hufifia: mwezi wa kwanza namba zinashuka, wa nne zimerudi.

Matangi manne yamepita na namba haijasogea?

Kwanza, linganisha madereva. Kama skwodi anaendesha siku mbili kwa wiki, huenda anakula akiba ya siku tano. Pili, angalia uzito: karieri juu ya paa na magunia ya jana. Tatu, breki zinazoshika. Endesha kilomita 10 kwenye barabara tambarare ukitumia breki kidogo iwezekanavyo, simama, ukaribishe kiganja karibu na kila rimu bila kuigusa. Moja ikiwa na joto kuliko zingine, hapo ndipo mafuta yako yanapoishia: ng'oa gurudumu, safisha pini za kalipa (kishikio cha pedi za breki), zipake grisi ya breki, na uanze kupima upya.